Spea tatu kwa tatizo moja: kwa nini mafundi wanakosea kupima, na mwenye chombo afanye nini

Wiki hizi za kuvuna viazi na parachichi huku Nyanda za Juu Kusini, simu nyingi zinazoingia kwenye kipindi cha asubuhi hazihusu bei ya shambani. Zinahusu mafundi. Mmoja amebadilishiwa kabureta na pikipiki bado inazima. Mwingine aliambiwa injini ya Noah yake lazima ifunguliwe, akaenda kwa fundi wa pili, akaambiwa tatizo ni feni ya rejeta tu. Wa tatu ni mwalimu wa sekondari: taa ya injini kwenye gari lake imezimwa mara tatu, kila mara kwa pesa, na kila mara imewaka tena baada ya siku chache. Malalamiko yamefanana mno, na dakika tano za redioni hazitoshi kuyachambua. Ndiyo maana tumeyaleta hapa.

Kwa msikilizaji wa kijijini suala hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kijana anayeendesha bodaboda ya mkataba anapeleka hesabu kwa bosi kila siku mpaka pikipiki iwe yake. Chombo kikilala gereji siku nne, hesabu ya siku nne inabaki deni, na mabosi wengine hawataki kusikia habari ya fundi. Mama mwenye shamba la viazi hana pikipiki, lakini gari aliyokodi ikikwama njiani gunia linaozea kando ya barabara. Kupima vibaya kunagharimu watu ambao hata gereji hawaijui.

Tuchukue mfano mmoja. Kijana wa kijiweni Makambako alikuwa na pikipiki inayozima baada ya kutembea kilomita saba au nane. Akisubiri kama dakika kumi, inawaka vizuri kabisa, inaenda tena, inazima tena. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akasema ni kile kiboksi cha umeme kinachoitwa CDI, kikanunuliwa. Wa tatu akasema, "Kaka, hii ni kabureta, tena imechoka," ikanunuliwa mpya. Kwa hesabu yake, spea na ufundi vilifika elfu themanini, bila siku alizokaa bila kazi. Fundi wa nne hakugusa spana. Alimuuliza kwanza: "Ikizima, umewahi kufungua kifuniko cha tenki ukasikia hewa ikivutwa?" Kijana akasema hajawahi kujaribu. Wakatoka wote barabarani, pikipiki ikazima, wakafungua kifuniko, hewa ikavuta, ikawaka papo hapo.

Kifuniko cha tenki kina tundu dogo la kuingiza hewa. Mafuta yanaposhuka kwenda kwenye kabureta, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Tundu likizibwa na vumbi au tope, tenki linajivuta kwa ndani, mafuta yanagoma kushuka, na injini inakosa cha kuchoma. Ukisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo na chombo kinawaka. Dawa yake ni waya mwembamba na dakika tatu.

Je, wale watatu wa kwanza ni wezi? Wasikilizaji wengi walioituma ujumbe walijibu ndiyo, tena kwa maneno makali. Mimi sikubaliani nao, angalau si kwa wote. Angalia fundi wetu wa barabarani analipwa kwa kitu gani. Halipwi kwa kufikiri, analipwa kwa kufunga. Ukimwambia, "Nimeangalia nusu saa, nimeona tundu limezibwa, nipe elfu tano," utamjibu kwamba hajafanya kazi yoyote. Akikufungia kabureta, unamlipa bila ubishi kwa sababu umeona kitu kipya kinang'aa. Ongeza na cha juu anachopata dukani kwa kukupeleka kununua spea, na utaona kwamba mfumo mzima unamsukuma kubadilisha kabla ya kupima. Fundi mwaminifu anayekaa saa nzima akitafuta chanzo hupata pesa kidogo kuliko mwenzake anayebahatisha. Hapo ndipo penye ugonjwa, na sisi wateja tumeshiriki kuulea.

Sababu ya pili ni elimu. Wengi walianza kama saidia fundi, wakijifunza kwa kuangalia mkono wa mkubwa wao, na mkubwa alijifunzia magari ya kabureta na platini. Siku hizi Noah, IST au Probox ya mtumba kutoka Japani ina kompyuta na sensa nyingi. Hata pikipiki mpya zimeanza kuja bila kabureta, mafuta yanapulizwa na nozeli inayoamriwa na umeme. Kukariri kwamba dalili fulani ni spea fulani kulitosha zamani, sasa hakutoshi.

Huku kwetu kuna na jambo la hewa. Njombe iko juu sana kutoka usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Kabureta iliyowekwa sawa Dar es Salaam, ikifika huku inatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Plagi inatoka nyeusi na nguvu inapungua mlimani. Fundi asiyelijua hilo anasema ringi zimekufa, injini ifunguliwe. Kabla hujakubali, itazame plagi yenyewe. Masizi meusi makavu, yanayofutika kwa kidole kama ya sufuria, yanaonyesha mafuta mengi au hewa kidogo: anzia kwenye chujio la hewa, kisha kabureta irekebishwe. Plagi iliyolowa oili ndiyo inayokupa sababu ya kuulizia ringi. Hata hapo, kuna geji ya kupima mgandamizo wa silinda. Inafungwa kwenye tundu la plagi, injini inazungushwa, namba inasomwa. Fundi anayetaka kufungua injini yako bila kupima mgandamizo anabahatisha kwa pesa yako.

Sasa ile mashine ya kupimia gari, ambayo imeleta imani kubwa kuliko inavyostahili. Watu wanadhani inataja spea mbovu. Haitaji. Inasoma namba ambazo kompyuta ya gari imezihifadhi, na namba hizo zinaeleza dalili. Mfano ni P0171, ambayo maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Kinacholeta hali hiyo kinaweza kuwa mpira uliopasuka unaoingiza hewa ya wizi, sensa ya hewa iliyochafuka, pampu ya mafuta iliyochoka, au chujio la mafuta lililoziba. Fundi mvivu akiona namba hiyo anakwambia nunua sensa ya oksijeni, kwa sababu ndiyo sensa iliyopeleka taarifa. Ni sawa na kumfukuza kazi mlinzi aliyepiga kelele za mwizi. Fundi anayeijua kazi yake atasikiliza kwanza kama kuna mpira unaopiga mluzi, atakagua mabomba, atapima nguvu ya mafuta, halafu ndipo ataje spea.

Na kuzima taa si kutengeneza. Mashine inaweza kufuta namba, taa ikazimika, ukalipa, ukaondoka umefurahi. Kama chanzo kipo, taa itarudi, kama ilivyomrudia yule mwalimu mara tatu. Mwambie fundi akuonyeshe namba kabla hajaifuta, uipige picha kwa simu. Fundi wa pili ataanzia hapo badala ya kuanza upya. Vipo na vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu kwa bluetooth. Vinasaidia, ila baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaongei navyo, kwa hiyo jaribu kabla hujalipia.

Vipimo vingine havihitaji chochote zaidi ya macho na mita ya umeme ya bei ndogo. Ukiambiwa alteneta imekufa, omba betri ipimwe mbele yako. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, namba inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikipanda, alteneta inachaji, na tatizo litafutwe kwenye betri au nyaya, hasa vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe. Ukiambiwa gasketi ya silinda hedi imeungua kwa sababu gari inachemsha, uliza dalili ziko wapi: oili yenye rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, mapovu yanayotoka kwenye maji ya rejeta. Kama hakuna hata moja, ikaguliwe feni, thamostati, kifuniko cha rejeta na kiwango cha maji kwanza. Rejeta usiifungue ikiwa ya moto, imewachoma watu uso.

Lipo na suala la spea feki, ambalo linawachanganya hata mafundi wazuri. Fundi anapima sawa, anafunga plagi mpya, chombo kinagoma. Anaamua plagi siyo tatizo na kuanza kuwinda kwingine, kumbe plagi mpya yenyewe ni mbovu. Ndiyo sababu spea ya zamani isitupwe. Ikae kwako, kwenye mfuko, mpaka chombo kikae sawa.

Fundi mwaminifu anapatikanaje, basi? Mimi ningeanza kwa kuuliza nani anatengeneza pikipiki za zahanati, gari la parokia na za vijana wa kijiweni wenye mikataba. Hao hawana muda wa kudanganywa mara mbili. Kisha mpe kazi ndogo, kubadilisha oili au kurekebisha breki, umtazame. Anauliza tatizo lilianza lini na linatokea chombo kikiwa cha baridi au cha moto? Anakijaribu barabarani kabla ya kufungua? Ukimuuliza, "Fundi, umejuaje?" anaeleza au anakasirika? Ana mita, au ana nyundo na bisibisi tu? Dalili ninayoiamini kuliko zote ni fundi anayesema, "Hii siiwezi, mpelekee fulani." Amekataa pesa yako kwa sababu hajui, na watu wa namna hiyo si wengi.

Nawe ufanye sehemu yako. Usifike ukisema, "Nibadilishie kabureta," halafu ulalamike kwamba kabureta haikuwa tatizo. Eleza dalili, sema ukweli kama umejaza mafuta ya chupa kando ya barabara au kama mtu mwingine ameshaigusa. Na mlipe hela ya kuangalia. Kubalianeni mwanzo: nakupa kiasi fulani utafute chanzo, hata kama mwisho wake ni waya na tundu. Wapo wasikilizaji walioniambia huo ni uzungu. Lakini elfu tano ya kupima ni ndogo mbele ya elfu themanini ya kubahatisha.

Kuhusu vyeti: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani miaka mingi. Cheti hakimfanyi mtu mwaminifu, ila kinaonyesha kuna mtu mwingine amemkagua. Halmashauri zetu zingeweza kuwasukuma mafundi wengi zaidi kwenye utaratibu huo, kwa sababu ushuru wao zinauchukua.

Mambo yakiharibika, rudi kwanza kwa fundi yuleyule, ukiwa na mtu mzima wa kusikiliza, umpe nafasi ya kurekebisha. Ikishindikana, serikali ya kijiji huwasuluhisha wengi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na inasimamiwa na Tume ya Ushindani, ila kwa deni la kabureta wengi wataona Mahakama ya Mwanzo iko karibu zaidi. Makubaliano ya mdomo yanatambulika kisheria. Shida ni kuyathibitisha. Nenda na spea ya zamani, picha za simu, karatasi ya duka la spea hata kama imeandikwa kwa kalamu, na jina la aliyekuwepo mlipokubaliana bei. Bila hivyo hakimu atabaki na maneno yako na ya fundi tu.