Nani Alipe Mzigo Uliopotea?

Biashara ya mtandaoni imeingia Visiwani kwetu kwa kishindo, na walioipokea kwa mikono miwili si matajiri wa Darajani bali ni watu wadogo: mama wa Bububu anayeuza viungo na udi, kijana wa Chake Chake anayeuza vifaa vya simu, wanawake wa Paje wanaotengeneza sabuni ya mwani. Watu hawa hawana mlango wa duka wala hawalipi kodi ya pango. Duka lao ni simu ya mkononi. Picha hutiwa Instagram au WhatsApp, mnunuzi hutuma fedha kwa simu, kifurushi hupelekwa bandarini Malindi, na baada ya siku moja au mbili hutarajiwa kuwa kimekwisha fika Mkoani, Wete au Dar es Salaam.

Hutarajiwa, tunasema, kwani si kila mara hufika. Na kisipofika ndipo linapozuka dai ambalo tunataka kulizungumzia leo. Mnunuzi anasema hakupokea kitu. Mchukuzi anasema alikwisha kukitoa, tena kwa mtu aliyelitaja jina sawasawa. Muuzaji, aliye ng'ambo ya bahari, hakumwona anayetoa wala anayepokea. Lakini mwisho wa maneno ni yeye anayelipa. Halipi kwa sababu imethibitika kuwa kosa ni lake. Analipa kwa sababu fedha ziko mkononi mwake, na kwa sababu asipolipa ni jina lake litakalotembezwa mitandaoni kuwa ni tapeli. Mchukuzi hana jina la kuchafuka. Kesho watu watampelekea mizigo kama kawaida.

Wakubwa wanaosoma ukurasa huu huenda wakaona kuwa haya ni mambo madogo, maana thamani ya kifurushi kimoja haifiki hata posho ya safari ya siku moja. Basi na tupige hesabu pamoja. Tuchukue muuzaji anayeuza bidhaa ya shilingi 40,000. Ameinunua, au ameitengeneza, kwa shilingi 30,000. Boksi, gundi na nauli ya boti vimemgharimu shilingi 4,000. Faida yake ni shilingi 6,000. Kifurushi kikipotea naye akarudisha fedha zote, amepoteza shilingi 34,000, na itambidi auze vingine sita salama ndipo arudi pale alipokuwa. Kama kwa mwezi anauza vifurushi kumi tu, na viwili vikadaiwa kuwa vimepotea, vile vinane vilivyobaki vitampatia shilingi 48,000 na viwili vitamla shilingi 68,000. Amefanya kazi mwezi mzima, amewajibu wateja mpaka usiku wa manane, na amemaliza kwa hasara ya shilingi 20,000. Tajiri mwenye maduka matatu huliingiza pengo kama hilo katika hesabu zake za mwaka na asilione tena. Kwa mwanamke aliyeanza kwa fedha za kibati, huo ndio mtaji wenyewe.

Hatusemi kwamba wanunuzi ni waongo. Wengi wanaodai wanadai kwa haki, na mtu aliyetuma fedha zake kwa mtu asiyemjua anastahili kulindwa kuliko anavyolindwa sasa. Wala hatutaki kuwafunika wauzaji wasiotuma mzigo kabisa, kisha wakasingizia boti. Hao wapo, na madhara yao makubwa huwaangukia wauzaji wenzao waaminifu, ambao sasa hawaaminiki hata wanaposema kweli. Lakini wapo pia wanunuzi waliogundua kuwa neno "sijapokea" halina gharama. Mtu hupokea kitambaa, akakishona, akakivaa harusini, na huku anadai arudishiwe fedha. Na hakuna kitu kinachomtofautisha huyu na yule aliyepotelewa kweli, kwa kuwa hakuna karatasi.

Ukosefu wa karatasi ndio ugonjwa wenyewe, na tunaomba wahusika watuvumilie tukiueleza kwa urefu. Kifurushi kinachotoka mjini Unguja kwenda Konde, kaskazini ya Pemba, hupita katika mikono mingi. Hupokewa na kijana wa gati, ambaye pengine ni mfanyakazi wa chombo na pengine ni hamali tu anayejuana na mabaharia. Huandikwa jina na nambari ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Hutiwa pamoja na mizigo mingine, hushushwa Mkoani au Wete, hukaa chini ya mwavuli wa mtu mwingine, kisha hupewa dereva wa gari ya abiria ambaye naye humwachia mwenye duka kando ya barabara. Katika safari yote hiyo hakuna aliyetia saini. Hakuna aliyepima uzito, hata ijulikane kama boksi lilifunguliwa njiani. Anayekwenda kuchukua hutaja jina, na mara nyingi hilo latosha. Kikipotea, kila mmoja anayo haki ya kusema kuwa hakukiona, na huenda wote wanasema kweli isipokuwa mmoja.

Wazee wetu waliosafirisha mali kwa majahazi hawakuwa na kompyuta, lakini mwenye bidhaa alijua ni nahodha gani aliyebeba mali yake, na nahodha akijua kuwa ataulizwa. Leo tunavyo vyombo vya mwendo kasi vinavyovuka kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, na mzigo wa mnyonge hausafiri kwa dhamana ya mtu yeyote. Pengine hata risiti inapotolewa huwa imepigwa chapa kwamba mwenye chombo hahusiki na upotevu wala uharibifu. Yaani nauli wamepokea, lakini jukumu hawakulipokea.

Sheria inasemaje? Sheria ya mauziano ya Uingereza ya 1893, ambayo ndiyo shina la sheria za mauziano katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, Tanzania Bara ikiwemo, iliweka kuwa muuzaji aliyeruhusiwa kumtumia mnunuzi mali, akishamkabidhi mchukuzi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amekwisha kumkabidhi mnunuzi mwenyewe. Kanuni hiyo iliwafaa wafanyabiashara wa meli na magunia. Haimfai mama wa nyumbani anayenunua shuka moja, na Waingereza wenyewe wameliona hilo: Sheria yao ya Haki za Watumiaji ya 2015 inamwachia mfanyabiashara dhamana ya mali mpaka itakapofika mkononi mwa mtumiaji. Lakini wameweka jambo moja ambalo sisi tunalitamani sana hapa kwetu. Mnunuzi akimchagua mchukuzi wake mwenyewe, asiyekuwa miongoni mwa aliotajiwa na muuzaji, basi mzigo ukishakabidhiwa mchukuzi huyo dhamana ni ya mnunuzi. Wauzaji wetu wanaelewa tunachosema. Ni mara ngapi mteja hupiga simu akasema, "Mpe Fulani wa kwenye boti, mimi tunajuana," kisha Fulani akapotea na mzigo, na muuzaji akaambiwa alipe?

Nasi tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inayomtaka muuzaji atimize agizo katika siku 30 ikiwa hawakukubaliana vingine. Tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, iliyopewa kazi ya kumlinda mtumiaji kwa sheria ya 2018. Na tunayo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, ambayo kwayo anayefanya biashara ya kusafirisha vifurushi anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa hiyo hatuwezi kusema hakuna sheria. Tatizo ni kuwa posta na mawasiliano ni jambo la Muungano, na kumlinda mtumiaji hapa Visiwani ni kazi ya Serikali ya Mapinduzi, na kifurushi kilichopotea baina ya Malindi na Mkoani huanguka baina ya meza mbili. Kila meza ina ofisa mwungwana atakayekuelekeza kwa mwenzake. Na kwa shilingi 40,000 hakuna atakayekwenda mara ya tatu.

Inafaa tutazame pia namna wenzetu walivyoliingia jambo hili, maana wametangulia na wameumia kabla yetu. Huko Marekani sheria ya 1974 ilimpa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga malipo ya bidhaa ambayo haikufikishwa kwake kama ilivyokubaliwa. Masoko makubwa ya mtandaoni yalipozuka, eBay mnamo 1995 na Etsy mnamo 2005, dai la kupotea kwa mzigo likawa jambo la kila siku, na wauzaji wadogo wakalia kilio hikihiki tunachokisikia leo. Utaratibu uliojengwa huko ni kuwa nambari ya kufuatilia mzigo ndiyo shahidi. Katika eBay, muuzaji mwenye kuonyesha kwa nambari hiyo kwamba mzigo ulifikishwa kwenye anwani ya mnunuzi huwa na ulinzi, na kwa mali ya dola 750 au zaidi hutakiwa pia saini ya mpokeaji. Etsy nayo, mwaka 2022, ilianza mpango wa kumrudishia mnunuzi fedha kutoka mfuko wa kampuni yenyewe, bila ya kumnyang'anya muuzaji, kwa maagizo yaliyotimiza masharti na yasiyozidi dola 250. Hatusemi haya kwa kuyasifu makampuni hayo, ambayo makato yao yanajulikana na wauzaji wao. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha kuwa hasara ya njiani si lazima imwangukie muuzaji mdogo. Mtu mwingine aweza kuibeba, na yule anayekusanya ushuru katika kila mauzo anao uwezo zaidi wa kuibeba.

Kwetu hakuna kampuni ya namna hiyo ya kuisukumia mzigo huu. Jumia ilijaribu soko la Tanzania na ikafunga shughuli zake mwaka 2019. Biashara iliyobaki ni ya mtu kwa mtu, na aliyebaki katikati yao ni mchukuzi. Kwa hiyo ni kwa mchukuzi tunapotaka Serikali ianzie.

Posta inaonyesha kuwa jambo hili linawezekana. Kifurushi kilichosajiliwa na kutumwa nchi za nje hupewa nambari ya herufi na tarakimu 13, inayoishia na TZ, na kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani mtu anayo miezi sita ya kuulizia. Tena fidia, inapostahiki, kwa kawaida ni haki ya aliyetuma. Jamaa zetu wa Maskati wanaoagiza viungo na udi kwa njia hiyo wana mahali pa kushika. Ajabu ni kuwa mzigo unaovuka bahari kwenda Uarabuni una ushahidi zaidi kuliko ule unaovuka kwenda Mkoani. Tunajua kwa nini watu wanakimbilia boti: ni ya haraka, na ofisi ya posta hufungwa mapema. Basi Posta ifikirie saa zake, na iweke dirisha la vifurushi karibu na gati, pale walipo wateja.

Kwa upande wa vyombo, tunazitaka mamlaka zinazohusika zisimwache mtu kupokea nauli ya kifurushi bila ya kutoa stakabadhi yenye jina la mtumaji na mpokeaji, uzito, thamani iliyotajwa na siku. Mpokeaji atie saini na aonyeshe kitambulisho. Mzanzibari mtu mzima anacho. Maandishi ya kujivua dhamana yakataliwe, na badala yake kiwekwe kiwango cha fidia kinachojulikana, hata kikiwa kidogo, kwa anayetaja thamani na kulipa kidogo zaidi. Na muda wa kudai uwekwe. Anayesubiri miezi miwili ndipo aseme hakupokea shuka asisikilizwe sawa na aliyepiga simu siku ya pili.

Anwani nazo zipo. Zoezi la anwani za makazi na postikodi la 2022 liliweka vibao mitaani hadi shamba, na postikodi zote za Zanzibar zinaanza na tarakimu 7. Vibao hivyo vimebaki kuwa mapambo. Muuzaji akiandika postikodi na shehia juu ya boksi badala ya "kwa Mzee Fulani karibu na mwembe", ofisi ya sheha yaweza kuwa mahali pa kusuluhisha dai dogo kabla halijawa ugomvi. Wauzaji nao wasingoje Serikali kwa kila jambo: piga picha ya boksi likiwa juu ya mizani, mwambie mteja kwa maandishi ni mchukuzi gani na dhamana ni ya nani, na usimpe mzigo mtu asiyetoa risiti hata akiwa ni mtoto wa jirani.

Jambo la kwanza, hata hivyo, halihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Tume ya Ushindani Halali na ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano hapa Zanzibar zikae meza moja na wenye vyombo, zikubaliane juu ya kitabu kimoja cha kupokelea na kutolea vifurushi, kiwepo Malindi, Mkoani na Wete. Ramadhani ndio msimu wa vifurushi vingi kuliko wakati wowote, watu wanapoagiza nguo za Sikukuu. Tunataka kitabu hicho kiwe kimefunguliwa kabla ya mwezi wa Shaabani ujao.