Mawe Yanayoamsha Imani

Mkristo wa Idodi, mkoani Iringa, husikia habari za wokovu kila Jumapili, lakini kusikia si kuona. Akifika Mkunazini, Zanzibar, atakuta kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Sakafuni, mbele ya madhabahu, duara la marumaru huonyesha mahali ambapo, kwa mapokeo, watumwa walifungwa na kuchapwa viboko. Anayesimama hapo huelewa kwa uzito mpya kwamba Kristo alikuja kuwafungua waliofungwa.

Wapo watakaopinga hija kama hii wakisema Mungu yuko kila mahali, na kwamba Yesu alimweleza mwanamke Msamaria kuwa ibada ya kweli haifungwi na mlima wala mji. Ni kweli. Ila hatuendi kumtafuta Mungu aliyepotea. Tunakwenda kuamsha kumbukumbu zetu zilizolala. Nauli nayo isiwe kikwazo: Tosamaganga, misheni kongwe ya Wakatoliki, iko mkoani humu humu Iringa. Makanisa yetu yaandae safari hizi, hasa kwa vijana. Kisha kila msafiri ajipime kwa namna anavyomtendea jirani yake akirudi, maana hija isiyobadili mwenendo ni matembezi tu.