Kitanda na jiko ndani ya ndege ya doria

Msomaji, umewahi kukesha ukimwangalia mtoto mgonjwa? Saa ya kwanza macho huwa makali, akigeuka tu unashtuka. Baadaye unajikuta umemkodolea macho na bado hujui kama alikohoa au la. Hukulala, lakini pia hukuona.

Jambo hilo liliwasumbua Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ndege zao za doria zilizunguka juu ya bahari saa nyingi zikisaka nyambizi za Wajerumani, na aliyeketi mbele ya rada alitakiwa kuona kijialama ambacho huenda kisitokee kutwa nzima. Mwanasaikolojia Norman Mackworth wa Cambridge akapewa kazi ya kuchunguza. Alitengeneza saa yenye mshale mmoja uliosogea hatua kwa hatua, ila mara mojamoja uliruka hatua mbili. Mtu aliketi mbele yake saa mbili, akibonyeza kitufe kila aonapo mruko huo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1948 yalionyesha kwamba baada ya nusu saa tu watu walianza kupitwa na mengi.

Dawa ni kupokezana zamu. Lakini anayepumzishwa ataenda wapi? Angani hakuna baraza.

Chukua ndege ya Kiingereza iliyoitwa Shackleton, iliyoanza kazi mwaka 1951. Ilikuwa na injini nne, kila moja ikizungusha mapanga mawili, moja kulia na jingine kushoto. Kelele yake iliwaharibu wengi masikio, wasisikie tena sauti nyembamba. Boriti la mabawa lilikatiza ndani ya chumba, hivyo mwenye kikombe cha chai hakuwa na budi kulipanda na kulishuka huku ndege ikiyumba. Anayelalamikia matatu zetu angeionja hiyo kwanza!

Malalamiko ya wanahewa yalifika kwa wahandisi. Toleo la tatu, lililoruka mara ya kwanza mwaka 1955, lilipanuliwa, likazibwa zaidi dhidi ya kelele, na likatiwa jiko la maana na mahali pa kulala, kwa kuwa safari zilifika saa 15. Wapo watakaosema hiyo ni anasa ya askari. Mimi naona kitanda kile kilikuwa kifaa cha kazi sawa na rada yenyewe.

Ndege hizo zilifika hata ujirani wetu. Kuanzia 1966 hadi 1972 Shackleton ziliruka kutoka Majunga, Madagaska, zikitafuta meli za mafuta zilizoelekea bandari ya Beira, Msumbiji, ili kuunyima mafuta utawala wa Ian Smith huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Kazi ilikuwa ya kuchosha. Katika doria yote, iliyomalizwa na manowari mwaka 1975, meli zilizosimamishwa zilikuwa 47, na 42 kati yake zikaruhusiwa kuendelea na safari.

Siku hizi Wamarekani na Waingereza wanatumia P-8 Poseidon, yenye umbo la Boeing 737 ile ile ya abiria. Jeshi la majini la Marekani lilianza kuituma kazini mwaka 2013. Watu watano huketi safu moja mbele ya skrini, na kazi ya meza moja yaweza kuhamishiwa nyingine, hivyo kupokezana si taabu. Kwa kuwa huruka juu zaidi kuliko P-3 Orion iliyoitangulia, ambayo ilizoea kushuka karibu na mawimbi, matumbo nayo hutulia.

Ila hao watano wameelekezwa ukutani, ubavu kwa mwendo wa ndege. Mimi ningeomba kiti cha kule mbele, penye dirisha kubwa, ambapo mtu bado huitazama bahari kwa macho yake.