Nyumba ya Staa Kupigwa Mnada: Mnaomcheka Mkewe, Sheria Mnaijua?

Wiki nzima hii habari ya mjini ni ile video ya dalali anayebandika tangazo la mnada kwenye ukuta wa staa mmoja wa Bongo Muvi (jina kapuni, ingawa watoto wa mjini washamjua). Mjengo uko Tabata, geti jeusi, mke kasimama mlangoni na kanga yake, mtoto kamng'ang'ania mguu. Majirani wanarekodi tu. Siku mbili baadaye ikasikika mke kakimbilia mahakamani kuomba zuio, na hapo komenti zikawaka moto. "Anatafuta kiki." "Magari mlipanda, marejesho hamtaki." "Hela mmekula wote, leo hujui?"

Jamani, punguzeni kicheko kwanza.

Stori ilivyo, mume alichukua mkopo akitengenezea tamthilia. Tamthilia ikakwama, dili la televisheni likayeyuka, marejesho yakasimama. Mpaka hapo ni biashara, inamkuta yeyote. Tatizo ni kinachodaiwa kwenye hayo maombi ya mke: kwamba mume alipeleka benki hati ya kiapo inayosema HAJAOA. Yaani mwanaume ambaye harusi yake ilishika mji, keki imepanda ngazi kama ghorofa, MC staa, sare za kamati rangi tatu, anaapa mbele ya wakili kwamba ni kapera! Na benki inajibu haikujua.

Kama ni kweli au si kweli, mahakama itasema. Ila sheria yenyewe iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu ambapo mwenza anayeishi humo kasaini au kuna ushahidi kwamba karidhia. Marekebisho ya 2008 yakagawa mzigo: mkopaji lazima aseme kama ana mwenza, na benki nayo lazima ichukue hatua za maana kujua kama huyo mwenza yupo na karidhia. Mkopaji akidanganya kwa makusudi ni kosa la jinai, faini isiyopungua nusu ya mkopo au jela isiyopungua miezi 12. Hiyo nusu ya mkopo wengi hawaijui, wanasaini viapo kama wanasaini daftari la wageni.

Sasa "hatua za maana" ni zipi? Hapo ndipo mabenki na wake za watu wanapovutana kila siku. Benki zinasema: tumeletewa kiapo, tumeletewa barua ya serikali ya mtaa, mlitaka tufanye nini tena, tukalale huko? Lakini ofisa mikopo akienda kukagua nyumba anakuta viatu vya watoto mlangoni na picha ya harusi sebuleni. Huyu staa ndiyo kabisa, ukiandika jina lake Instagram unaletewa mke kabla hata ya filamu zake. Mtu wa benki mwenye simu janja kushindwa hilo ni kutotaka kujua.

Ila ukweli usemwe wote. Kuna wanawake wanaowaharibia wenzao. Mkopo unaingia, sofa anachagua yeye, Dubai anakwenda yeye, fomu ya ridhaa ina sahihi yake na picha yake imepigwa muhuri. Dalali akitokea, anajifunga kitenge anakwenda kulia kortini kwamba sahihi ilighushiwa. Wengine wanapangwa na waume zao kabisa: "We nenda kasema hukujua, tupate muda." Majaji wameshazisikia hizo. Na pesa ya benki si ya benki peke yake, humo kuna akiba ya mama ntilie na ya dereva bodaboda. Kwa hiyo siyo kila machozi getini ni ya haki.

Watu wanasema pia kwamba ukifungua kesi tu mnada unasimama. Wapi! Zuio la muda linaombwa, na kipimo chake kinatumika tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969. Uonyeshe kwamba kuna hoja nzito ya kusikilizwa na una uwezekano wa kushinda. Uonyeshe kwamba bila zuio utapata hasara isiyolipika. Uonyeshe pia kwamba zuio likikataliwa wewe utaumia zaidi ya atakavyoumia mwenzako likitolewa. Wengi wanakwamia kwenye hiyo ya pili. Mahakama mara nyingi inasema nyumba ina thamani inayojulikana, imeshapimwa kwa shilingi, hivyo ukishinda baadaye utalipwa fidia. Na aliyeweka rehani alijua toka mwanzo kwamba akishindwa itauzwa.

Kwa mume hilo jibu linamtosha kabisa. Alisaini, alijua. Kwa mke ambaye hakusaini, hilo jibu ni kali mno. Yeye hakucheza huo mchezo. Kumwambia atalipwa fidia baada ya kesi ya miaka kadhaa, wakati watoto washahamishwa shule na mama mkwe kalala kwa ndugu, ni kumwambia ashinde akiwa nje. Mahakama zikipima hasara ziangalie pia nani alisaini na nani hakusaini.

Halafu kuna suala la muda. Benki inatakiwa kumpa mkopaji notisi, na siku 60 zipite tangu aipokee ndipo iuze. Mnada nao unatangazwa siku zisizopungua 14. Inaonekana muda mrefu, sivyo? Sasa barua zote zinakwenda kwa mume, naye anazificha kwenye buti la gari. Mke anakuja kujua siku dalali anapopaka gundi ukutani, zile 60 zimeshaliwa, kabaki na 14. Nyundo ikigonga na mnunuzi akawa mtu aliyenunua kwa nia njema, sheria inamlinda huyo mnunuzi, na mke anabaki kudai fidia. Ndiyo maana huyu dada alikimbia mahakamani hata kucha hajabandua. Mlitaka asubiri nini?

Bei nayo si ya kujipangia. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imevunja wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Wale wa "nyumba ya mnada nimepata bei ya kutupa" wanajisifu mtandaoni bila kujua wanamtengenezea mwenzao ushahidi.

Na nyie wa sogea tukae msijione mko pembeni. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii inawatambua kama mume na mke, mnadhaniwa mmeoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinampa mwenza haki ya kuweka zuio kwenye usajili wa nyumba ya ndoa hata kabla mkopo haujaombwa. Inafanyika kwa Msajili wa Hati. Wanaojua wachache, wanaothubutu wachache zaidi, maana mwanaume akigundua ni vita ndani: "Kumbe huniamini?"

Kesi inatajwa tena mwezi ujao. Mume mpaka jana usiku alikuwa anaposti video za gym na miwani nyeusi, kaandika "Mungu ni mwema". Mke amefunga komenti.

Haya wadau, mgeni wa benki akikuta picha ya harusi ukutani, kiapo kinamtosha au hakimtoshi? Uwanja wenu hapo chini, matusi hayapiti.