KUCHEZA KATIKA MAPUMZIKO YA SAFARI



Yamezuka maneno kati yetu juu ya jambo ambalo wengine waliliona dogo, nasi hatulioni dogo. Karani aliyetumwa safari ya kazi, gari linaposimama adhuhuri ili dereva apate kupumua, yampasa afanye nini kwa nusu saa ile? Wako wasemao kwamba akae garini na majalada yake mapajani, maana mtumishi wa Serikali aonekanaye juu ya bembea, au akirukaruka juu ya mawe katika uwanja wa michezo kando ya njia, amejivunjia heshima yake na ya ofisi yake pia. Wako wengine, nao si wavivu, wasemao kwamba nusu saa ile ni mali yake. Gazeti hili lasimama pamoja na hawa wa pili.

Kwanza na tujue maana ya mapumziko. Katika nchi za Umoja wa Ulaya iko kanuni ya mwaka 2006 imkatazayo dereva wa lori kubwa au basi kuendesha zaidi ya muda wa saa 4 na nusu pasipo kupumzika dakika 45; na kanuni hiyo yaeleza wazi kuwa mapumziko ni wakati ambao dereva haendeshi wala hafanyi kazi nyingine yo yote. Yatazameni maneno hayo, kazi nyingine yo yote. Majalada mapajani si mapumziko. Kuosha gari si mapumziko. Kutumwa sokoni kumnunulia bwana mkubwa ndizi si mapumziko, na hili twaliandika makusudi, kwa kuwa madereva wetu wengi huimaliza nusu saa yao hivyo huku wenye safari wakinywa chai.

Wenye kusema juu ya heshima twawauliza swali moja. Mzee akiketi chini ya mwembe mbele ya bao lake la mashimo 32 na kete 64, nani amepata kusema kuwa amejivunjia heshima? Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanzania hata mwaka 1985, alijulikana kwa kupenda bao, wala hakupungukiwa na kitu. Na pasipo ubao watu huchimba vishimo mchangani kando ya njia, wakacheza mpaka honi ikawaita. Basi kinachochukiza si mchezo. Kinachochukiza ni miguu: mtu mzima akicheza ameketi husifiwa akili, akicheza amesimama huitwa mtoto. Nasi twaona kwamba aliyekaa kitini mwa gari tangu alfajiri ana haja ya miguu yake kwa saa ile kuliko ya akili yake, maana magoti yamemkaza na mgongo umemkauka kama ubao.

Tena mambo haya twayatenda, ila hatuyaiti mchezo. Katika njia itokayo Kampala kwenda Masaka, mahali paitwapo Kayabwe, zimesimamishwa pete mbili kubwa, moja kila upande wa barabara, kuonyesha mahali ipitapo Ikweta. Pale utawaona watu wazima wenye tai shingoni, mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini, wakicheka. Wako na wenye mabeseni wawaonyeshao wasafiri maji yakizunguka huku kwa upande mmoja na kule kwa upande wa pili. (Kwa kweli nguvu ya mzunguko wa dunia ni haba mno kuyageuza maji ya beseni, huyageuza mkono wa ayamwagaye. Lakini hilo halimharibii mtu furaha yake.) Hatujapata kusikia karani aliyeandikiwa barua kwa kusimama ndani ya pete zile.

Mwenzetu mmoja wa tawi la bara ameandikiwa. Alionekana akiteleza katika kiteremko cha watoto karibu na kituo cha petroli, yeye na dereva wake, wakati wa mapumziko, na ofisi yake, ambayo hatutaitaja, ikamtaka ajieleze kwa maandishi. Hakuchelewa safarini, hakuvunja kitu, wala hakumwondosha mtoto ye yote. Barua ile imo jaladani mwake hata leo, na siku itakapofikiriwa habari ya kupandishwa cheo jalada hilo litafunguliwa mezani pa watu wasiomjua. Ndiyo maana tukasema kwamba jambo si dogo.

Wakuu walioiandika barua ile huenda wakapenda kusikia habari za watumishi wenzao wa mji wa Amsterdam, katika Uholanzi. Mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha na mji una viwanja vitupu vingi, kijana mmoja mchoraji wa majengo, jina lake Aldo van Eyck, aliyekuwa ameajiriwa katika idara ya ujenzi ya mji, alitengeneza uwanja mdogo wa michezo mahali paitwapo Bertelmanplein: shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa saruji, mawe ya duara ya kurukia, na vyuma vya kupindukia. Bibi Jakoba Mulder, mkubwa katika idara ile ile, ndiye aliyeisukuma kazi hiyo. Watu wa mitaa mingine walipoona, wakaiandikia ofisi kuomba na wao wapewe. Barua zikapokewa, zikajibiwa, na kufika mwaka 1978 viwanja vya namna ile vilikuwa vimepita 700. Vingi havikuwa na ua, hata mpita njia aendaye kazini aliweza kukanyaga jiwe la kwanza, na la pili, kabla hajakumbuka umri wake. Siku hizi vingi vimekwisha kuondolewa. Lakini ule ulikuwa utumishi wa umma hasa, na nyuma ya kila uwanja palikuwa na jalada.

Isamu Noguchi, mchongaji wa Marekani ambaye baba yake alikuwa Mjapani, hakupata bahati hiyo mapema. Katika miaka ya 1930 alimpelekea mkuu wa bustani za New York kielelezo cha mlima wa kuchezea, akakataliwa. Mwaka 1988 akaichora bustani ya Moerenuma katika mji wa Sapporo, Japani, mahali palipokuwa jaa la takataka. Akafariki mwaka ule ule, na bustani ikamalizwa mwaka 2005. Mlima wake umo ndani, na wanaoupanda ni watu wa umri wote.

Lakini mahali ambapo tungependa wakuu wetu wapelekwe ni Valencia, Hispania. Baada ya gharika ya Oktoba 1957 mto Turia uligeuzwa njia yake, na mkondo wa zamani ukafanywa bustani. Humo tangu mwaka 1990 amelala Gulliver, yule wa kitabu cha Jonathan Swift, urefu wake mita 70, amefungwa kamba chini, na mikunjo ya nguo zake ni ngazi na miteremko ya kuteleza. Juu ya mwili ule bwana wa kilo 90 na mtoto wa miaka sita wote ni vijitu, na cheo cha mtu hakionekani.

Hatusemi kila mtu apande kila kitu. Bembea iliyofungwa kwa uzito wa mtoto itakatika chini ya mtu mzima, na gharama itadaiwa. Watoto wakiwapo, zamu ni yao. Gari lisiachwe wazi na nyaraka ndani. Saa ikifika, safari.

Halmashauri ya Chama itapeleka maombi mawili: barua ile iondolewe jaladani mwa mwenzetu, na fomu ya safari iwe na nafasi ya kuandika saa ya mapumziko, jina la dereva likitangulia. Ili maombi haya yawe na nguvu twahitaji kuzijua njia zenyewe. Basi kila tawi limpelekee Katibu, kabla ya mkutano ujao, orodha ya mahali penye kivuli, maji na uwanja ulio wazi, pamoja na umbali kutoka kituo hadi kituo. Matawi yaliyo katika njia ndefu za bara na yaanze.