MGUU WA FARASI UKIWA MOTO, TUMWAMINI NANI?

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii mimi nimeiona ikitimia kwa farasi.

Mjomba wangu ni saisi, yaani mtunza farasi wa mbio, hapa Nairobi. Kila alfajiri, kabla sijashika njia ya shule (sisi wa kutwa tunaamka na majogoo), yeye huwa ameshawapapasa farasi miguu yote. Mwaka jana alihisi ukano wa mguu mmoja wa mbele uko moto. Akasema. Akajibiwa, "Kwani wewe ni daktari?" Jumapili farasi akakimbizwa, akarudi kwa miguu mitatu. Hajakimbia tena.

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu kamera ya joto. Katika Fizikia tumefunzwa kwamba kila kitu chenye joto hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Kamera hii huiona na kuichora kwa rangi: penye joto huwa pekundu au peupe, penye baridi buluu. Ukano ukiumia, damu hukimbilia pale na ngozi ikapata moto. Daktari hulinganisha mguu wa kulia na wa kushoto. Tofauti ya digrii 1 tu mahali pale pale yatosha kumtia shaka, na mara nyingine huonekana kabla farasi hajaanza kuchechemea. Tena mnyama haguswi wala hadungwi sindano.

Wengine watasema basi mashine ije, saisi aende zake. Hapo nakataa katakata! Kamera huonyesha palipo na joto, haisemi kama ni ukano, mfupa au jipu. Hiyo ni kazi ya eksirei na ultrasaundi. Na hudanganyika upesi. Farasi akiwa amesimama juani upande mmoja, au ametoka kufunguliwa bandeji sasa hivi, au ana matope, picha itasema uongo. Ni nani ajuaye farasi alisimama wapi asubuhi? Si daktari, si mwenye farasi. Ni saisi.

Ninachodai ni kamera iletwe kabla ya mbio, siku ile ile saisi anapolalamika, maana tajiri asiyeamini kiganja cha maskini ataamini picha nyekundu. Na mahali ambapo kamera haipo, saisi akisema mguu uko moto, farasi huyo asitolewe bandani Jumapili hiyo.