Mwanga unaotibu, mwanga unaounguza

Dada yetu mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ametuuliza kama ni salama kumpeleka binti yake, anayekaribia kuolewa, akapigwe miale mashavuni ili mabaka ya jua yamtoke. Ameambiwa hakuna kisu wala damu, na kwamba atarejea nyumbani siku hiyohiyo. Hayo ni kweli, ila hayajakamilika.

Leza hutoa mwanga wa rangi moja. Zipo pia mashine zitoazo mmweko wa rangi nyingi kwa pamoja. Kanuni yake ilielezwa na madaktari wa Marekani, Anderson na Parrish, mwaka 1983: chenye rangi hufyonza mwanga, kikapata joto na kuvunjika, na vilivyo kando vikasalimika. Kwenye ngozi nyeupe yenye doa jeusi, shabaha iko wazi. Kwetu sisi rangi hiyohiyo, melanini, imetanda mwili mzima. Mwanga haulitambui baka wala shavu. Huweza kuviunguza vyote viwili, na palipoungua pakabaki weusi uliozidi wa awali, au weupe.

Kwa sababu hiyo mmweko ule kwa kawaida haufai kwa ngozi nyeusi. Leza ya nanomita 1064 ina afadhali, kwani hupenya chini zaidi na melanini huifyonza kidogo. Lakini iwe mikononi mwa daktari wa ngozi, atakayeijaribu kwanza mahali padogo. Saluni si mahali pake.

Tena mabaka ya mashavuni huchochewa pia na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango, na weusi mwingine huletwa na krimu za kujichubua, jambo ambalo binti huenda asimwambie mama yake. Leza yaweza kuyafifisha, kisha jua likayarudisha.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino suala si urembo. Kidonda au gamba lisilopona huweza kuwa mwanzo wa saratani, na halifai kusubiri. Pale KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni yao ya kukinga jua, Kilisun.

Binti naye aanze na daktari, losheni ya jua kila asubuhi, na mtandio uliovutwa mbele ukatia uso kivuli. Ikiwa harusi ni mwezi ujao, leza aiache kwanza: weusi wa kuungua huchukua miezi mingi kufifia.